Faili la mfumo limepotea? Kabla hujakubali kufutiwa kompyuta yako

Habari zenu wasomaji. Kamwene wa Iringa na Njombe, ugonile wa Rungwe na Kyela, na wa hapa Mbeya mjini najua mpo. Mvua zimeshika na radi zake, umeme unakatika unarudi, unakatika tena kabla hujakaa vizuri kwenye kiti, na mezani kwangu hapa Mwanjelwa saivi zipo kompyuta saba, tano kati ya hizo zina ugonjwa ule ule, zinawaka lakini zinalalamika kuna faili halionekani. Meseji zenu za mwezi huu nazo hivo hivo. Kwa hiyo ukurasa wote leo ni wa hilo jambo, maana inaniuma kuona mtu anapoteza vitu vyake vya miaka kwa sababu ya faili moja ambalo lingeweza kurudishwa jioni moja.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Tukuyu. Nina laptopu ya mtumba, betri yake ilishakufa siku nyingi kwa hiyo naitumia ikiwa kwenye chaja muda wote. Juzi ilikuwa inajiapdeti, ikaandika tusizime, umeme ukakatika. Uliporudi ikawaka lakini kile kitufe cha Windows pale chini ukibonyeza hakifunguki, printa haitambuliki, na kila nikiwasha kinatokea kiboksi kinasema kuna faili la dll halipo. Fundi wa hapa kaiangalia dakika mbili kasema Windows imekufa, nimpe elfu ishirini aifute apige nyingine. Humo ndani kuna maksi za wanafunzi wangu wa kidato cha nne na picha za marehemu mama yangu, na sina nakala popote. Nifanyeje?
Mwalimu, Tukuyu

JIBU: Marahaba mwalimu, na pole sana kwa kuondokewa na mama. Usimpe. Kompyuta yako haijafa. Hiyo dll ni faili la msaada ambalo programu zinaliazima ili zifanye kazi, na kinachowezekana ni kwamba wakati inajiapdeti ilikuwa inatoa mafaili ya zamani na kuweka mapya, umeme ukakatika pale katikati, sasa kuna mafaili yamebaki nusu, yaani jina lipo ila ndani kimeandikwa kipande tu, na mengine hayapo kabisa. Hiyo ina dawa, na dawa yenyewe haigusi maksi wala picha.

Lakini kabla ya dawa, picha kwanza. Maadamu bado inawaka, azima flashi au hadidiski ya nje, nakili picha zote na maksi zote, halafu chomeka hiyo flashi kwenye kompyuta nyingine ufungue picha mbili tatu uone kweli zinafunguka. Fanya leo usiku, usisubiri wikiendi.

Nakwambia hivi kwa sababu mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilimfutia mzee mmoja wa Kyela kompyuta yake. Alikuja na tatizo kama lako, nikafanya nilichofundishwa, nikapiga Windows upya, mashine ikawa nyepesi, nikafurahi. Alipokuja kuichukua akaiwasha pale pale dukani, akafungua folda ya picha, akakaa kimya. Akaifunga, akaifungua tena. Akaniuliza, mwanangu, zile za harusi ya binti yangu zipo wapi? Sikuwa nimemuuliza kama kuna kitu ndani. Alinilipa hela yangu yote akaondoka bila kunigombeza, na hilo ndo linaniuma mpaka leo. Toka siku hiyo hakuna kompyuta inayofutwa mezani kwangu kabla mwenyewe hajaniambia kwa mdomo wake nini kipo ndani.

Haya, dawa. Ndani ya Windows kuna ghala, lipo C:\Windows\WinSxS, humo kunakaa nakala nzima za mafaili ya mfumo, na kuna kifaa kinaitwa sfc ambacho kazi yake ni kupita faili moja moja, kulilinganisha na lile linalotakiwa, likiwa limeharibika au halipo analitoa la ghalani analiweka. Jina hilo lipo toka enzi za Windows 98, watu wanakaa nacho miaka yote nyumbani hawajawahi kukiita. Na hapa niseme kwa wale wanaoona WinSxS imekula GB nyingi wanaifuta kwa mkono ili wapate nafasi, jamani msiifute, mnabomoa ghala ambalo siku ya shida ndo mngelikimbilia. Ukitaka kuipunguza kuna amri yake salama, DISM /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup, yenyewe inajua kipi kitoke kipi kibaki.

Sasa ghala lenyewe nalo linaweza kuwa limeumia kwenye huo huo umeme, ndo maana kwenye Windows 10 na 11 tunaanza kulitengeneza ghala kwanza, kwa kifaa kinachoitwa DISM, halafu ndo tunaita sfc. Watu wengi wanaanza moja kwa moja na sfc, ikishindwa wanasema haitengenezeki, kumbe walimtuma mtu kuchukua mbegu kwenye ghala lililooza.

Kwako kitufe cha Windows hakifunguki kwa hiyo tunapita mlango wa nyuma. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, litakuja dirisha la kuangalia programu zinazoendelea, pale juu kwenye File au pembeni yake kuna sehemu ya kuanzisha kazi mpya, bonyeza, andika cmd, na kabla hujabonyeza OK weka tiki kwenye kile kiboksi chenye neno administrative. Usisahau hiyo tiki, bila hiyo itakukatalia. Litafunguka dirisha jeusi. Andika hivi, na nafasi zake kama zilivyo:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Hii inataka intaneti kwa sababu mafaili mazima inayachukua Windows Update, kwa hiyo washa hotspoti ya simu na uwe na bando la kutosha. Itakwenda kwa asilimia. Mara nyingi ikifika 62.3 inasimama kama imekufa, unaangalia kamstari hakasogei, unaanza kuwaza kuifunga. Usiifunge mwalimu. Nenda kaandae chai, kunywa, rudi. Ikimaliza ikakwambia imefanikiwa andika ya pili:

sfc /scannow

Nayo iache ifike 100. Mwishoni mara nyingi itakuletea moja ya majibu matatu. Ikisema haikuona kasoro basi mafaili ya mfumo ni mazima na tatizo linatafutwa kwingine. Ikisema imeona mabovu na imeyatengeneza, ristati, ujaribu kitufe na printa. Ikisema imeona mabovu lakini mengine imeshindwa, ristati urudie sfc, mara nyingine inachukua mizunguko miwili mitatu mpaka yaishe, siyo kwamba imegoma. Ukitaka kujua ni faili gani hasa, inaandika kila kitu kwenye C:\Windows\Logs\CBS\CBS.log, ni refu na linachosha ila mistari yenye alama ya [SR] ndo ya sfc, soma hiyo tu. Kile kiboksi cha dll nacho, kama kitaendelea kutokea baada ya yote haya, niandikie jina kamili la hilo faili, maana dll nyingine siyo za Windows na sfc haizijui, hilo nimelieleza chini kwa dada wa Uyole.

Kitu kimoja kuhusu muda. Usianze kazi hii mawingu yakiwa yametanda juu ya Rungwe. Anza asubuhi, maana huko kwenu mvua ya mchana na radi yake unaijua kuliko mimi, na laptopu isiyo na betri ni sawasawa na desktopu isiyo na UPS, kile kiboksi cha kutunza umeme, umeme ukikata sekunde moja imezima. Kama hela ya betri haijapatikana, basi kwenye mipangilio ya Windows Update simamisha apdeti kwa wiki moja moja, uziruhusu mwenyewe siku ambayo hali ya hewa imetulia. Betri ndo iliyokuletea haya yote, siyo Windows, na hata ukipiga Windows mpya kumi bila kuitafutia dawa betri utarudi hapa hapa.

SWALI: Kaka fundi habari za kazi. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, Mbozi. Kompyuta ya ofisi baadhi ya vitu havifunguki, sfc inasema imeshindwa kutengeneza, nikajaribu hiyo DISM, inafika mwisho inaleta kosa 0x800f081f. Nimerudia mara nne, bando limeisha mara mbili, mtandao huku wa kusuasua. Kilo za kila mkulima zimo humo ndani na wazee wanakuja kuulizia hesabu zao.
Karani, Mbozi

JIBU: Salama ndugu yangu. Hiyo namba maana yake imetafuta pa kuchukua mafaili mazima haijapaona. Hata ukirudia mara ishirini itakuletea hiyo hiyo, kwa hiyo acha kuchoma bando. Hesabu za wazee nakili kwenye flashi mbili tofauti, moja ikae kwako moja kwa mwenyekiti, na ukipata wino chapisha kabisa, karatasi haina dll.

Halafu mafaili tunayaleta kwa flashi badala ya mtandao. Kwenye kompyuta yako andika winver kwenye kile kiboksi cha kutafutia, itakuonyesha Windows ya ngapi na toleo gani, piga picha kwa simu. Kisha ukienda Vwawa au ukija Mbeya mjini mahali penye intaneti ya uhakika, pakua Windows hiyo hiyo kutoka tovuti ya Microsoft wenyewe, ni bure, uiweke kwenye flashi isiyopungua GB 8. Ni mzigo mkubwa, unazidi GB 4, ndo maana sikushauri uupakue kwa simu ukiwa kijijini. Flashi hiyo itafutwa yote wakati wa kutengenezwa, kwa hiyo isiwe ile yenye hesabu, tafadhali sana.

Ukirudi ofisini ichomeke. Tuseme imekuja kama E. Fungua folda ya sources uangalie kuna install.wim au install.esd, ni moja kati ya hayo mawili. Ndani ya hilo faili zimepangwa Windows za aina mbalimbali, Home, Pro na nyingine, kila moja na namba yake, na wewe lazima uchukue ile inayofanana na yako. Kuziona namba unafungua cmd kwa administrator unaandika:

dism /Get-WimInfo /WimFile:E:\sources\install.wim

Kama yako ni esd badilisha mwisho uandike install.esd. Tafuta iliyoandikwa kama ya kwako, tuseme Pro ni namba 6, basi unaandika:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth /Source:wim:E:\sources\install.wim:6 /LimitAccess

Kwa esd unaweka esd sehemu zote mbili palipoandikwa wim. Hilo neno la mwisho linaiambia isihangaike na mtandao, ichukue hapa hapa. Ikimaliza ndo unaita sfc. Wengi wanakosea namba, wanaweka 1 kwa sababu mtu kwenye video aliweka 1, yao ni Pro na 1 ni Home, inawaletea kosa lile lile wanakata tamaa.

Ikikataa na hapo, bado kuna njia kabla ya kufuta. Windows ikiwa imewaka hivo hivo fungua hiyo flashi, bonyeza setup mara mbili, fuata mpaka itakapouliza ubaki na nini, chagua ibaki na mafaili yako na programu zako. Itajisimika juu ya ile ya zamani, mafaili ya mfumo yote yanakuwa mapya, na kahawa ya watu inabaki ilipo. Ile ya kwenye flashi iwe lugha ile ile na isiwe ya zamani kuliko iliyopo. Hii inachukua saa moja hata mbili kwenye mashine nzito. Ukimaliza hiyo flashi usiiazime kwa mtu wa nyimbo, iweke droo ya ofisi.

SWALI: Mambo fundi. Nina steshenari Uyole. Programu ya kutengenezea picha za pasipoti imegoma, inasema MSVCP140.dll haipo. Nikaitafuta gugo nikaipata kwenye tovuti moja, nikaiweka System32 kama walivyoelekeza, sasa inaleta 0xc000007b na kompyuta imeanza kufungua matangazo yenyewe. Sfc nimeipiga inasema kila kitu kizima.
Dada wa Steshenari, Uyole

JIBU: Poa dada. Sfc inasema kweli. Inachunga mafaili ya Windows tu, na hilo MSVCP140 siyo la Windows, linakuja na kifurushi cha Microsoft kinaitwa Visual C++ Redistributable ambacho programu nyingi zinakitegemea. Kinaweza kuwa hakikuwepo toka mwanzo, au mtu alikiondoa akidhani ni takataka kwa sababu kwenye orodha ya programu kinaonekana mara nyingi nyingi chenye miaka tofauti.

Hiyo 0xc000007b mara nyingi inatokana na kuchanganya biti 32 na biti 64, yaani programu za aina ya zamani na za aina ya sasa. Na majina yenyewe yanachanganya, kwenye Windows ya biti 64 folda ya System32 ndo inakaa dll za biti 64, na za biti 32 zinakaa SysWOW64, kinyume na vile mtu yeyote angedhani. Inaelekea wewe uliweka ya biti 32 kwenye nyumba ya 64. Hata mafundi wazoefu wanaingia hapo.

Ila kinachonitia wasiwasi zaidi ni hayo matangazo. Tovuti za kugawa dll moja moja huwezi kujua wameweka nini ndani, na dll ukiiweka System32 umempa mgeni ufunguo wa chumbani. Futa hilo faili uliloweka, angalia kwenye orodha ya programu kama kuna kitu kimeingia siku ile ile ukiondoe, halafu fungua Windows Security uchague ile skani ya ofulaini, itaristati yenyewe na kusafisha kabla Windows haijawaka. Wateja wanakuletea flashi zao na barua pepe zao hapo, kwa hiyo usichapishe kitu cha mtu mpaka hii imalizike, hata kama foleni ipo mlangoni.

Kisha pakua kifurushi chenyewe kutoka Microsoft, vc_redist.x64.exe na vc_redist.x86.exe, viwili vyote kwenye Windows ya biti 64, ni vidogo, bando la kawaida linatosha. Simika, ristati, picha za pasipoti zitarudi. Na kama hiyo programu ya picha ni ya kukraki, antivairasi inaweza kuwa ndo iliyolichukua faili ikalifungia. Hapo usiifungulie. Zipo programu za bure za kazi hiyo, njoo dukani nitakuonyesha.

SWALI: Shikamoo kaka. Nipo chuo hapa Iringa, nakaa Kihesa. Laptopu ilizima ghafla, sasa nikiwasha inakuja skrini ya bluu inasema kompyuta inahitaji kutengenezwa, faili la \EFI\Microsoft\Boot\BCD, namba 0xc0000034. Haiingii kabisa. Ripoti yangu ya utafiti imo ndani na nakabidhi wiki ijayo. Jamaa wa hosteli ananiambia tuifomati.
Mwanachuo, Kihesa

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mwambie huyo jamaa akae mbali kidogo. BCD ni kikaratasi kidogo tu kinachomwonyesha mashine Windows ilipo. Kikaratasi kikipotea Windows yenyewe inaweza kuwa nzima na ripoti yako nzima imelala humo.

Tafuta flashi ya Windows kama niliyomweleza karani wa Mbozi, Iringa mjini huwezi kuikosa. Ichomeke, washa huku unabonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP, chagua iwakie kwenye flashi. Ukifika skrini ya kwanza ya kuchagua lugha usiendelee mbele, bonyeza Shift na F10, litakuja lile dirisha jeusi.

Kwanza tuitoe ripoti, chomeka flashi nyingine ya kuiwekea. Andika notepad. Ndiyo, ile ile ya kuandikia. Ikifunguka nenda File, halafu Open, pale chini badilisha aonyeshe mafaili ya aina zote siyo ya maandishi tu, na sasa hicho kidirisha unakitumia kama unavyotumia folda zako, tafuta diski, ingia Users, jina lako, Documents, raiti kliki kwenye ripoti uinakili, rudi kwenye flashi nyingine uliyochomeka, bandika. Haitakuonyesha mstari wa kusogea, itaonekana imeganda kidogo, subiri. Herufi za diski hapo zinaweza kuwa zimebadilika, C yako ukaikuta ni D, usishtuke, fungua uone Users ipo wapi. Kama diski inakataa kufunguka na kudai ufunguo, hiyo ni BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski, ina namba ndefu ya tarakimu 48 na mara nyingi imehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, ingia kwa simu kwenye akaunti uliyotumia siku ya kwanza kuiwasha utaikuta.

Ripoti ikishakuwa mkononi ndo tutengeneze kikaratasi. Andika diskpart, kisha list volume. Tafuta sehemu ndogo yenye FAT32, mara nyingi ni MB 100 hivi, angalia namba yake kwa makini usije ukachagua flashi maana nayo huwa ni FAT32, ukubwa wake ndo utakaokutofautishia. Tuseme ni 3. Andika select volume 3, kisha assign letter=S, kisha exit. Halafu:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Hiyo C ibadilishe kama uliona Windows yako ipo D. Ikijibu kwamba mafaili ya kuwakia yametengenezwa, chomoa flashi, ristati. Watu watakwambia utumie bootrec /fixboot, kwenye laptopu za sasa mara nyingi inakujibu huna ruhusa, usipoteze muda nayo. Nitumie meseji ikiwaka, nitafurahi kujua ulikabidhi.

SWALI: Fundi, flashi yangu nilichapishia kazi mjini Njombe, kurudi nyumbani folda zote zimekuwa shotikati na hazifunguki. Zimefutika?
Mama wa Njombe

JIBU: Hazijafutika mama, zimefichwa na kirusi, na hizo shotikati ndo mlango wake kwa hiyo usizibonyeze hata moja. Ichomeke kwenye kompyuta yenye antivairasi iliyoapdetiwa, iskani kwanza flashi yote. Kisha fungua cmd, kama flashi ni E andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* usubiri. Folda zitatokea. Ukiona moja haina jina kabisa, ifungue hiyo, mara nyingi vitu vyote vimerundikwa humo. Nakili vinavyokuhusu, flashi uifomati ndo uanze kuitumia tena.

SWALI: Kijana, mimi ni mstaafu nipo Mafinga. Sfc nimeijua toka kwako na naishukuru. Lakini napiga leo inasema imetengeneza, baada ya siku tatu faili jingine linapotea, napiga tena, imetengeneza, wiki ijayo tena. Umeme hauna shida, nina UPS. Ila siku hizi ikiwaka nasikia kama mlio, tik, tik, inatulia, tik.
Mstaafu, Mafinga

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Mzee, izime sasa hivi, usimalize hata kusoma ukiwa umeiwasha. Huo mlio ni hadidiski, kile kichwa cha kusomea kinatafuta mahali pake hakipaoni. Mafaili yanapotea kwa sababu sahani yanapokaa inakufa kipande kwa kipande, sfc inarudisha faili moja huku jingine linaondoka. Usipige sfc tena, usipige chkdsk, ile amri ya kukagua diski, wala usikubali mtu akupigie, hizo zinaisomesha diski kwa nguvu na hii haina nguvu hiyo tena.

Fundi aitoe hiyo diski, aichomeke kwenye kompyuta nyingine kama diski ya nje, na mwambie aanze na vitu ambavyo huwezi kuvipata tena mahali popote, mafaili madogo kwanza, makubwa baadaye, kwa sababu hatujui imebakiza dakika ngapi za kusomeka. Ikianza kulia katikati ya kazi wasitishe. Kisha utaweka SSD mpya, diski isiyo na sahani ya kuzunguka, na Windows mpya juu yake, na hapo ndo kupiga Windows upya kunapokuwa sahihi. Wiki hii nitapita Mafinga nikienda Iringa, kama hujampata mtu unayemwamini iache imezimwa hivo hivo, usiichomeke hata kuangalia saa, nitakuja na vifaa.